Tela letu lilikuwa linakula matairi

Kichwa cha lori chenye ekseli tatu kina matairi kumi, na tela la ekseli tatu lina kumi na mawili. Hayo ni matairi 22 yanayogusa lami, ukiacha spea. Anayesimamia gari la namna hii hapa Uyole, Mbeya, anajua dizeli ndiyo inayomaliza hela, lakini tairi ndilo linaloua safari. Gari limelala Ruaha Mbuyuni, mchele wa mteja uko juu, dereva anapiga simu saa nane usiku, na fundi pancha aliyepatikana anataja bei anayotaka kwa sababu anajua hamna pa kwenda.

Niliposhika usimamizi wa magari ya familia, yanayoshusha mchele wa Igurusi na mbao za Mafinga kwenda Dar es Salaam na kurudi na mbolea, tela moja lilikuwa na sifa mbaya. Lilikuwa linakula matairi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: tairi za siku hizi feki, jua la Mikumi kali, dereva anakimbia. Yupo aliyeshauri liuzwe kwa sababu lina mkosi. Sikubishana na mtu, ila niliona hakuna aliyeweza kuniambia ni tairi lipi hasa lililopasuka mara ya mwisho. Kushoto au kulia? La ndani au la nje?

Nikanunua daftari. Kila mahali pa tairi pakapata ukurasa wake: tela, ekseli ya tatu, kushoto, ndani; kichwa, difu (ekseli inayosukuma gari) ya nyuma, kulia, nje; na kuendelea hivyo. Tairi likifungwa naandika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi na namba ya tairi, likitolewa naandika tena, pamoja na sababu. Na nikaomba jambo moja lililowaudhi madereva mwanzoni: tairi lililokufa lisiachwe kwa fundi pancha barabarani. Lirudi nyumbani, hata kama limebaki vipande.

Mzoga wa tairi unasema mengi ukiukagua taratibu. Lililokatwa na jiwe au chuma lina jeraha sehemu moja, na kwingine kote ni zima. Lililoungua kwa joto la breki limeharibika mdomoni, pale linapokaa kwenye rimu, mpira umekauka na kupasukapasuka. Lililotembea bila upepo wa kutosha lina alama ya duara kuzunguka ubavu mzima, na ukiingiza mkono ndani unatoka na unga mweusi, mpira uliosagika, huku waya zikiwa zimejitokeza zimekatika. Mizoga mingi ya tela lile ilikuwa ya aina hii ya mwisho. Na daftari lilionyesha kwamba karibu yote ilitoka kwenye pacha za ndani, yaani tairi la ndani kati ya mawili yanayokaa pamoja, zaidi upande wa kushoto.

Hapo ndipo hesabu ilinifungua macho. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za difu na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela. Gawa tani 24 kwa matairi 12: kila moja linabeba tani 2. Tairi letu, 315/80R22.5 lenye alama ya 156/150, limetengenezwa kubeba kilo 3,350 likiwa pacha na kilo 4,000 likiwa peke yake. Kwa hiyo tela likipita mzani wa Wenda au Makambako bila matatizo, mzigo haujalielemea tairi hata kidogo. Lakini pacha wa ndani akiishiwa upepo, wa nje anabaki na tani 4, yaani ukomo wake kabisa, na hapo bado hujahesabu mashimo, kona na mbao zilizolalia upande mmoja. Ndiyo maana yalikuwa yakifa mawili mawili. La ndani linaisha upepo polepole, la nje linabeba mzigo wote, linapasuka, na dereva anasema lililopasuka ni la nje, jipya, kwa hiyo ni feki.

Mwenye kosa alikuwa la ndani, na halikuwa likipimwa na mtu.

Nilikaa na dereva wetu mkubwa, mtu aliyeanza kushika usukani wa lori mimi nikiwa bado shuleni, nikamuuliza anakaguaje upepo wa matairi ya ndani. Akachukua nyundo, akagonga moja baada ya jingine.

“Dada, mimi nikigonga nasikia. Lililolala mlio wake naujua.”

“Naamini, kaka. Lakini lenye upepo wa PSI 120 na lenye 90, mlio unaachana?”

Akanyamaza kidogo, akasema, “Lete geji tuone.”

Tuliyapima yote asubuhi ileile kabla gari halijawashwa. Mlio wa lililolala kabisa aliujua kweli, hilo sitalisahau kumpa heshima yake. Ila yaliyopungua robo ya upepo yalikuwa yanalia sawasawa na yaliyojaa. Na kulipima la ndani ilikuwa kazi ya kulala chini ya tela na kupitisha mkono katikati ya rimu, kwenye matope, saa kumi na moja alfajiri. Binadamu wa kawaida hafanyi hivyo kila siku, na simlaumu. Tukafunga virefusho vya valvu vya chuma vinavyotokeza hadi usawa wa rimu ya nje, vikashikizwa kwa vibano visicheze, na kofia za chuma zenye mpira ndani badala ya zile za plastiki zinazoanguka. Kazi ya kupima ikawa ya dakika chache, ikafanyika.

Baada ya hapo tukabishana kuhusu joto. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kibaridi kinafika nyuzi 10 na chini yake. Ukijaza 120, kiwango chetu, saa hiyo, gari likiteremka Kitonga hadi bonde la Ruaha mchana, tairi likiwa limekwenda mwendo na kufika nyuzi 50, geji itasoma 135 au zaidi. Dereva anaogopa, anapunguza hadi 120. Kumbe tairi linatengenezwa likijulikana kwamba upepo utapanda kwa joto. Tairi hilohilo likipoa usiku kwenye baridi ya Makambako linabaki na kama 105, na kesho yake linaanza safari likiwa pungufu, ubavu unajikunja zaidi, unazalisha joto zaidi. Aliyepunguza upepo kwa kuogopa joto amelizidisha. Kanuni yetu ni moja: upepo unapimwa na kujazwa tairi likiwa la baridi. Likiwa la moto haliguswi, isipokuwa moja likionekana limepungua kuliko wenzake. Hilo lina tundu.

Virefusho vilisaidia sana, lakini kushoto kuliendelea kuisha haraka kuliko kulia. Sasa hayakuwa yanapasuka; kashata, ule mpira wa juu unaogusa lami, zilikuwa zinalika upande mmoja, na ukipitisha kiganja unahisi zina makali ukienda huku na laini ukirudi kule. Hiyo ni dalili ya tairi linaloburuzwa kiubavu. Fundi wetu wa gereji akachukua tepu ndefu, tukapima kutoka kwenye pini ya tela hadi ncha ya ekseli ya kwanza kulia, kisha kushoto. Vipimo viwili hivyo vinatakiwa kulingana. Havikulingana. Bushi za mikono inayoshika ekseli zilikuwa zimekufa, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na tela likawa linatembea mshazari nyuma ya kichwa. Ukilifuata kwa gari dogo pale tambarare ya Igawa, ulikuwa unaona upande wake mmoja zaidi ya mwingine. Bushi zikabadilishwa, ekseli zikapangwa upya, tatizo likaisha. Tepu ile sasa inakaa ofisini kwangu.

Kubadilisha tairi njiani ndiko kunakonipa hofu kuliko yote, na hapa sina mzaha na dereva yeyote. Kitonga hatubadilishi tairi kwenye mteremko, wala pale Inyala. Pacha moja likipasuka, gari linakwenda polepole hadi mahali tambarare penye nafasi nje ya lami. Rimu na tairi vinanunulika. Likisimama, pembetatu za tahadhari zinawekwa mbali nyuma na mbele, magurudumu yanazuiwa kwa vipande vya mbao tulivyochonga wenyewe, nati zinalegezwa kabla ya kunyanyua, na jeki inakaa chini ya ekseli juu ya ubao mzito. Utingo haingii chini ya tela linaloning'inia kwenye jeki. Na wakimaliza, mawe na matawi yote yanaondolewa barabarani. Jiwe lililoachwa kwenye lami usiku linaua mwendesha bodaboda asiyejua hata kama mliwahi kuharibikiwa hapo.

Nati zinakazwa kwa mpangilio wa kuvukana, si kuzunguka, kisha zinakazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu rimu hujikalisha. Likifungwa Ilula, linakazwa tena Iringa. Tunazipiga mstari wa rangi kutoka nati hadi rimu. Ukivunjika, nati imezunguka, na dereva anauona akipita tu.

Jambo ninalolirudia hadi wanachoka kunisikia ni hili. Tairi lililotembea bila upepo halijazwi pale lilipo. Lililoshuka asilimia 20 chini ya kiwango, kwetu ni 96, linahesabiwa kuwa limetembea tupu: linatolewa kwenye rimu na kukaguliwa ndani kwanza. Waya za ubavuni zikishachoka, hukatika moja baada ya nyingine wakati upepo unapanda, na ubavu hufunguka ghafla kwa mstari mrefu. Nguvu yake inamrusha mtu mzima na kumuua. Mafundi pancha wengi barabarani ni vijana wadogo wanaoinamia tairi kana kwamba wanapuliza jiko. Tunawapa mpira wetu mrefu wa upepo wenye mdomo unaong'ata valvu wenyewe, ili wasimame mbali, upande wa kashata na si mbele ya ubavu. Wenye kizimba cha chuma cha kuwekea tairi linapojazwa tunawapendelea kwa kazi zetu hata wakiwa ghali kidogo. Mlio wa kukatikakatika ukisikika ndani ya tairi, kazi inaachwa na watu wanakimbia. Matairi yenye rimu za pete, za magari ya zamani, hatari ni hiyohiyo na pete yenyewe juu yake.

Kwenye kununua, naanza na umri. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani na lina miaka sita. Kisha naangalia namba za mzigo, maana yapo yenye saizi ileile na uwezo mdogo. Ya mtumba sinunui. Yaliyovikwa kashata upya nayafunga kwenye tela tu, kutoka karakana inayokubali nione tairi likikaguliwa kabla ya kuvikwa. Mbele kwenye usukani ni mapya daima, na hesabu inaeleza sababu: tani 8 kwa matairi mawili ni tani 4 kila moja, na hakuna pacha wa kusaidia. Yakipungua kashata yanahamia kwenye tela, yanamalizia maisha huko. Pacha tunazilinganisha urefu, tofauti ya kipenyo isizidi milimita 6, kwa sababu lililo refu hubeba mzigo na lililo fupi huburuzwa. Ukifunga jipya pembeni ya kipara umeyaua yote mawili.

Madereva walibadilika zaidi pale nilipoingiza hela. Kila gari limetengewa fungu la matairi kwa mwaka, na kinachobaki dereva na utingo wake wanapata sehemu. Dereva aliyekuwa anagonga kwa nyundo sasa ndiye anayenipigia kuniuliza kwa nini sijaandika tairi fulani kwenye daftari.

Mizoga inayojaa uani tunawauzia watengeneza katambuga na wanaokata mipira ya kufungia mizigo. Kabla halijatoka, kila tairi linakatwa mdomo kwa msumeno, pande zote mbili. Tulishawahi kuona tairi tulilolitupa, lenye namba yetu ya rangi, limefungwa kwenye fuso iliyopakia viazi pale sokoni.