Mutukula, Mara ya Pili

Kijana wa uhamiaji upande wa Uganda alipekua kurasa tupu za pasipoti yangu mpya, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha kujikongoja, "Mzee, ndiyo mara ya kwanza kuja kwetu?"

Ilikuwa mwaka 1998. Mara ya kwanza nilipita hapohapo Januari 1979, katika vita vya Tanzania na Idi Amin, usiku, bunduki begani, na hakuna aliyenigongea muhuri. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa Novemba iliyotangulia, kwa hiyo Mto Kagera tuliuvuka kwa daraja la muda. Mutukula yenyewe matingatinga yetu yaliisawazisha. Huyu kijana huenda alizaliwa mwaka uleule.

"Ya pili," nikamjibu.

"Ulikuja lini?"

"Zamani. Tulikuja kwa miguu."

"Mlikuwa wengi?"

"Wengi sana."

Akaniinulia macho, akanyamaza, akanisogezea fomu. Penye "kazi" nilizoea kuandika "askari mstaafu". Siku hiyo kalamu ilisita. Ndani ya begi nilikuwa na riwaya iliyokwama kwenye sura ya Masaka. Nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana. Kona za barabara ile nilizijua zote, na kila kona ningekuonyesha pa kutega bunduki ya rashasha. Lakini miti ya pale? Nyumba zilielekea wapi? Sijui. Miezi mitatu nilitembea katika nchi ya watu, macho yakitafuta tu mahali pa kulala kifudifudi.

Nikaandika "mwandishi". Ulikuwa uongo kidogo, maana nilikuwa nimechapisha makala mbili tu, zote za safari ya treni ya Kigoma.

"Karibu tena, mzee," akasema, akagonga muhuri. Hiyo "tena" aliivuta kidogo, au ni masikio yangu.

Nikapanda basi dogo la Masaka, nikakaa dirishani. Kilomita za mwanzo nilijikuta bado napima vichaka: hapa wanajificha watu kumi, pale ishirini. Nikajikasirikia. Nikafungua daftari, nikamgusa mama niliyeketi naye, nikamwonyesha kwa kidole mti mpana uliosimama kando ya mgomba.

"Mama, ule unaitwaje?"

"Mutuba."

Nikamwomba arudie, polepole, niandike.