"Kinapita," wanasema

Ukiingia nyumba ya mtu mzima pale Makorora, Tanga, ukamuuliza, "Babu, una shida ya kumeza?" jibu unalipata kabla hujakaa: "Hamna, mwanangu. Kinapita."

Mimi ni muuguzi mstaafu, na swali hilo nimeliuliza miaka mingi bila kulitilia shaka. Mpaka kwa mama yangu mdogo. Kila nikipita kumjulia hali alinijibu kinapita, nami nikaridhika. Siku niliyolala kwake ndipo nikamwona asubuhi anachovya mkate kwenye chai mpaka unalainika kama uji, halafu anaunywa. Kumbe muhogo ameshaacha, nyama ameshaacha, chapati anampa mjukuu. Kweli, kilichobaki kilikuwa kinapita.

Tangu hapo, Jumamosi ninapozunguka mtaani kuwapima wazee presha, siwaulizi tena kumeza. Nawauliza kula. Mwaka jana ulikuwa unakula nini ambacho siku hizi huli? Wenzio wakinawa, wewe unakuwa bado na chakula kiasi gani? Maji yanakupalia? Hili la kupaliwa lina mtego wake, maana kwetu mtu akipaliwa huambiwa anatajwa, watu wanacheka, yamekwisha. Kuna bibi mmoja "alitajwa" kila chai ya jioni kwa miezi. Mwaka juzi alipata kiharusi kidogo, na kwa kuwa mkono ulirudi, nyumba nzima ilishasahau.

Lipo dodoso la maswali 10 linaloitwa EAT-10, lilichapishwa mwaka 2008. Kila swali mtu anajipa alama 0 hadi 4, na jumla ikifika 3 anastahili kuangaliwa zaidi. Nalipenda kwa sababu linagusa vidonge, uzito, hata raha ya kula. Ila lina swali la kwenda kula nje. Mzee wa Makorora aende kula nje wapi? Mimi namuuliza: "Ukialikwa khitma, unakaa kwenye sinia na wenzio?" Waliolitunga wasingefurahi, najua, ukishabadili swali, alama zako hazilingani tena na za wengine. Lakini hapo ndipo watu hunyamaza. Sinia la watu wanne halina siri, tonge lako likichelewa kila mtu analiona. Mzee mmoja aliniambia haendi kwa sababu ya magoti, hawezi kukaa chini. Mkewe akadakia kutoka uani: "Magoti gani, na msikitini unasujudu mara tano?"

Baada ya maswali ndiyo maji: mililita 90, anakunywa mfululizo bila kupumzika. Nilizipima kwa bomba la sindano la mililita 20, mara nne na nusu, nikachora alama kwa kalamu kwenye kikombe cha plastiki. Ndicho ninachotembea nacho. Akikohoa, akikatisha, au sauti yake ikatoka kama ya mtu mwenye maji kooni, nampa barua ya kwenda hospitali. Simpimi anayesinzia, asiyeweza kukaa wima, wala anayepaliwa hata na mate yake. Na asiyekohoa simwamini moja kwa moja. Wapo ambao maji huwaingia njia ya hewa kimya kimya, koo limekufa ganzi. Hao nawatafuta kwa kuuliza kifua: nimonia imemrudia mara ngapi, na hapo nyumbani hakuna hata mwenye mafua?

Halafu kuna anayesema ugali unakwama hapa, anaweka kidole katikati ya kifua, na wiki chache baadaye hata uji unaanza kukwama. Huyo kikombe changu hakimhusu kabisa. Anatakiwa akaangaliwe umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa kamera, na mapema, kwa sababu saratani ya umio imeuandama sana ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Barua ya mtu huyo haisubiri Jumamosi.

Mama mdogo alikuwa wa kundi hilo. Barua yake niliiandika asubuhi ile ile, palepale mezani, chai yake haijapoa. Akanitazama, akauliza, "Sasa hiyo barua ya nini, na mimi chakula kinapita?"