Jioni ya Kuhesabu Silabi Donostia

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi kwenye karatasi: kutayarisha orodha ya maneno ya Kihispania na ya Kibaski kwa ajili ya jaribio la utambuzi wa maneno yaliyoandikwa. Nilikuwa mwanafunzi wa isimu mjini Donostia, mji wa pwani kaskazini mwa Hispania, katika eneo la Wabaski wenye lugha yao ya Kibaski, ambao kwa Kihispania huitwa San Sebastián, na mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa dada mmoja mzaliwa wa jimbo hilohilo la Gipuzkoa, aliyelelewa kwa Kibaski nyumbani na kwa Kihispania mtaani.

Jaribio lenyewe si gumu kulieleza. Mshiriki huketi mbele ya kompyuta, alama ya msalaba humtokea katikati ya kioo, kisha hufutika na herufi kadhaa huchukua nafasi yake. Naye hubonyeza kitufe kimoja akiona ni neno, na kingine akiona si neno, huku muda wake ukipimwa kwa milisekunde. Mwaka 1993 watafiti Manuel Carreiras, Carlos Álvarez na Manuel de Vega walionyesha kwa Kihispania jambo ambalo wengi wasingelitarajia, kwamba neno linaloanza kwa silabi inayotumika sana huchelewa kutambuliwa kuliko linaloanza kwa silabi adimu. Maelezo ya kawaida ni kwamba silabi «ca», kwa mfano, huamsha kwa pamoja «casa», «cama», «cara», «café» na mengine mengi, na msomaji hana budi kusubiri mpaka moja liyashinde mengine. Lakini mtu huyohuyo akiambiwa asome kwa sauti maneno ya kubuni, silabi hizohizo zilizozoeleka humharakisha.

Ndiyo maana tulihitaji takwimu kabla ya kuchagua neno lolote. Tulitumia Syllabarium, programu ya intaneti ambayo Jon Andoni Duñabeitia na wenzake waliieleza katika makala ya mwaka 2010. Unaiandikia silabi, nayo inakuambia imo katika maneno mangapi, hutokea mara ngapi kwa jumla, na hukaa nafasi ya ngapi ndani ya neno. Hesabu mbili za kwanza zisichanganywe. Silabi yaweza kuwa imo katika maneno machache tu, lakini mojawapo likawa halikauki midomoni mwa watu. Na mwaka 2008 Markus Conrad, Carreiras na Arthur Jacobs walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba hesabu hizo huvuta pande tofauti, kwa kuwa wingi wa matumizi humkawiza msomaji ilhali wingi wa maneno humsaidia. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wa fani hii, ingawa humwongezea kazi mtayarishaji wa orodha.

Kihispania tulikimaliza upesi. Kibaski kilitukalisha hadi usiku. Maandishi yenyewe yalitaka uangalifu kwanza, kwani programu ile huhesabu silabi kama zilivyoandikwa. Mhispania huandika «calle» na Mbaski huandika «kale», zote zikimaanisha mtaa, na sauti ya mwanzo ni ileile; lakini «ka» ni silabi ya kila siku katika Kibaski, wakati katika Kihispania huonekana katika maneno machache ya kigeni kama «karate». Mimi niliyejifunza kusoma kwa ka, ke, ki, ko, ku nilijiona niko nyumbani upande wa Wabaski.

Kisha yakaja maneno bandia, ambayo ni nusu ya jaribio na hutengenezwa kwa kugusa herufi moja au mbili za neno halisi. Nilichukua «berri», yaani «-pya», nikaibadilisha iwe «barri». Mwenzangu aliikata papo hapo. Katika Kibaski sanifu, kile kilichowekewa misingi yake katika mkutano wa Arantzazu mwaka 1968, neno hilo halimo, lakini watu wa Bizkaia, jimbo jirani la Wabaski, husema hivyo hasa wanapotaja kitu kipya, na baadhi ya washiriki wetu wangetoka huko. Nikaongeza «z» mwishoni mwa «etxe», yaani nyumba. Hiyo nayo ikakatwa, kwa sababu «etxez etxe» ni nyumba kwa nyumba. Alikuwa akikata kwa kalamu nyekundu bila kuinua macho, na ukurasa wangu ukawa mwekundu kuliko mweusi.

Hata hivyo kilichotuzuia zaidi kilikuwa viambishi tamati. «Lagun» ni rafiki, nalo lina silabi mbili, la-gun. Likiongezwa «a» ya kubainisha, linakuwa «laguna», na silabi zake ni la-gu-na: ile «gun» imevunjika, na konsonanti yake imehamia silabi inayofuata. «Mutil», mvulana, hufanya vivyo hivyo, na «egun», siku, pia. Sasa mtu ahesabu lipi, umbo la kamusi au umbo ambalo msomaji hukutana nalo gazetini? Tuliamua kuchukua umbo la kamusi na kupima silabi ya kwanza peke yake, maana katika nomino zenye silabi mbili au zaidi silabi hiyo haiguswi na viambishi vya mwisho.

Hapo ndipo aliponiuliza kama ningefanya vilevile kwa Kiswahili. Nilimjibu kwamba isingewezekana, kwani kwetu silabi ya kwanza mara nyingi ni ngeli au nafsi, na anayepima «wa» au «ki» anapima sarufi badala ya kupima neno. Akasema nitafute nomino zisizo na kiambishi awali. Nikamtajia barua, sahani na meza; aliposikia asili yake akacheka, akasema hapo nitakuwa napima lugha za wageni. Basi nikamwandikia goti, bega na tawi, maneno ya Kibantu yasiyo na kiambishi katika umoja, na chini yake magoti, mabega na matawi. Jino na meno niliyaacha, hayo yana mambo yake.

Aliiangalia safu hiyo kwa muda, akapigia mstari «go» ya goti na «go» ya magoti, kisha akarudi kwenye «lagun» na kuizungushia duara «gun». Kwao silabi inabaki mahali pake na kuvunjika. Kwetu inabaki nzima na kuhama. Aliandika hilo pembeni mwa orodha, kwa Kibaski, tukaendelea na neno lililofuata.