Udi, Friji Mbovu na Safari za Julai

Wa kwanza kuniambia nitie mchele ndani ya kesi ya udi wangu, ile ala ya nyuzi, ili unyonye unyevu, alikuwa fundi wa simu. Wa pili alikuwa mpiga ngoma. Wa tatu sikumngoja amalize, maana nilikuwa nimeshatia kilo mbili za pishori ndani ya soksi nne safi na kuzipanga kuuzunguka udi kama mito ya bibi harusi. Wiki tatu baadaye kipimo cha unyevu hakikusogea hata nukta, ila fukusi walikuwa wameshahamia ndani ya tundu la sauti. Nikipiga uzi wa chini, wanatoka kuangalia kuna nini.

Mchele uliokaa dukani Lamu umeshajaa unyevu wa Lamu. Ukiutaka unyonye chochote, ukaushe kwanza kwenye jiko kila baada ya siku mbili, na hapo utakuwa mpishi, si mpiga udi.

Wengi hawafahamu kwamba udi hauuawi na unyevu peke yake, wala na ukavu peke yake. Unauawa na kurukishwa kutoka huku kwenda kule. Uso wa udi ni ubao wa msonobari wa unene wa milimita 2, mara nyingi pungufu. Juu yake limebandikwa daraja linalovutwa na nyuzi 11: jozi 5 na uzi mmoja wa besi. Unyevu wa hewa ya Lamu, hasa siku za upepo wa kusi na mvua, hukaa juu ya asilimia 75 kwa wiki nzima. Ubao unafura, uso unapanda, nyuzi zinakuwa juu, vigingi vya kukazia nyuzi vinang'ang'ania. Halafu Julai unakwenda kupiga Ulaya: unaupandisha ndege ambayo hewa yake ndani haifiki hata asilimia 20, unaushusha huko, unaulaza kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kiangazi changu cha kwanza udi ulipasuka kuanzia tundu la sauti kuelekea darajani, sentimita 7. Niliusikia. Ni mlio mdogo tu, kama mtu kavunja kijiti cha kiberiti chumba cha pili.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuuzoesha udi hewa ya wastani, asilimia 50 hadi 57, wiki tatu kabla ya safari, ukiwa bado nyumbani. Kununua mashine ya kukausha hewa ya chumba kizima nilifikiria, nikauliza bei, nikanyamaza. Isitoshe, nyumba zetu za mawe hazifungiki. Juu ya milango kuna nafasi, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zina nyufa, na paa la boriti linapumua. Utakausha Bahari ya Hindi yote.

Nikaokota friji.

Ilikuwa imekufa kompresa, imesimama kwenye uchochoro wa jirani miaka, kuku wanalala juu yake. Friji ya mlango mmoja, ya kusimama. Ukiondoa rafu na droo za mboga unabaki na nafasi ya zaidi ya mita moja kwenda juu na karibu sentimita 45 ubavuni. Udi una urefu wa kama sentimita 80 na tumbo la sentimita 36, unaingia umesimama na nafasi inabaki. Hamali wawili na mkokoteni, mia tano na chai. Gesi iliyobaki alikuja kuitoa fundi wa friji. Hilo usilifanye mwenyewe kwa bisibisi.

Harufu ilikuwa ya samaki changu wa miaka mingi. Nikaosha kwa siki, nikaosha kwa ndimu, nikaacha wazi juani siku nne. Mwisho Mama akaleta chetezo akaifukiza. Ndiyo, friji ya udi ikafukizwa kwa udi, na nyumba nzima ikacheka isipokuwa mimi, kwa sababu udi wa Mama wa kufukiza kwa gramu ni ghali kuliko nyuzi zangu.

Kanuni ya friji hii ni rahisi: hewa ikipata joto bila kuongezwa maji, unyevu wake wa asilimia unashuka. Hewa ya digrii 28 yenye asilimia 80, ukiipandisha hadi digrii 34, inakuwa na kama asilimia 57. Unachohitaji ni joto la digrii 6 tu, na kuta za friji zilitengenezwa kuzuia joto lisipite. Kwa hiyo balbu ndogo inatosha. Balbu ya waya, lakini. Nilimaliza wiki nzima na balbu ya LED ya wati 9 nikishangaa kwa nini friji inang'aa na haikauki. LED hula wati chache, na joto lake ni la kunyimana.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Balbu za waya zimeadimika madukani, nikamlalamikia mfugaji mmoja, akaniazima taa yake ya vifaranga. Taa nyekundu nzuri, wati 175. Bahati niliingiza udi wa kujifunzia na si ule wa kazi. Nikafunga mlango, nikaenda kuswali, nikapitia barazani, mazungumzo yakanoga. Niliporudi kipimo kilikuwa kimefika digrii 52 na kinaendelea. Tena taa za namna ile hazipashi hewa tu, zinachoma moja kwa moja kile kinachotazamana nazo, na tumbo jeusi la udi lilikuwa linatazamana nayo sentimita 20. Udi wa kawaida hugandishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo hurudi kuwa laini kwa joto. Mbavu mbili za tumbo zilikuwa zimeachana, na daraja limeteleza kwenda mbele nusu sentimita likiwa na nyuzi zake zote, kama mtu anayetoka kwenye mkutano kimyakimya.

Balbu niliyoishia nayo ni ile ndogo ya ndani ya friji, wati 15. Friji yenyewe ilikuwa nayo! Imekaa pale pale kwenye soketi yake, nzima, siku zote nilizokuwa nazunguka maduka. Ilichotaka ni waya mpya unaokwepa swichi ya mlango, ili iwake mlango ukifungwa. Nikaiwekea thamostati ya kidijitali, inayowasha na kuzima balbu kufuata joto, ya bei ya kuku wawili, nikaifunga kwenye digrii 34. Mbele ya balbu nikasimamisha kibati cha kopo la maziwa ili joto lizunguke lisiuguse udi. Umeme unaokwenda ni yuniti kama 11 kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana.

Bado kipimo kikagoma, asilimia 74, siku ya tatu asilimia 73. Joto digrii 34 kamili. Nilikaribia kuirudishia kuku friji yao. Kisha nikafahamu kwamba mbao zenyewe zina maji. Ukizipasha ndani ya boksi lililofungwa kwa mpira wa friji, zinatoa maji yao hewani, na hewa haina pa kuyapeleka. Friji lazima ipumue. Nikatoboa matundu mawili ya milimita 10, moja chini na moja juu. Toboa mlangoni! Ubavuni na mgongoni mwa friji nyingi kuna mabomba ndani ya ukuta, mlangoni hakuna. Hewa ya moto inatoka juu, hewa ya chumba inaingia chini na kupashwa. Siku mbili baadaye, asilimia 58.

Lakini je, kipimo kinasema kweli? Hivi vidude vya duka la vifaa vya simu hutofautiana asilimia 5 hadi 10 hata vikiwa pacha, na dawa yake ni chumvi. Jaza kifuniko cha chupa chumvi, tia matone ya maji mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni uliolowa, isiogelee. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya kopo linalofunga kabisa, uache usiku kucha. Hewa ya ndani itakuwa asilimia 75, na kwa joto letu la pwani haibadiliki kiasi cha kusema. Changu kilisoma 67, nikaandika kwa kalamu mgongoni: ongeza 8. Yaani ile 58 niliyoishangilia ilikuwa 66, na ikabidi nianze upya kusogeza balbu na kupanua tundu la juu. Angalia pia aina ya chumvi. Mara ya kwanza nilitumia ya mawe, ile ya Gongoni kabla haijasafishwa, nikapata jibu la ajabu. Chumvi ghafi ya bahari ina magnesi ndani yake ambayo huvuta maji zaidi na kukushusha chini ya 75. Tumia ile laini ya mezani.

Friji usiiegemeze ukuta uliopigwa lipu ya saruji. Ukuta wangu wa upande wa bahari fundi mmoja aliupiga saruji akidhani anausaidia. Mawe ya matumbawe yananyonya maji, saruji inayazuia yasitoke, na chumvi inachanua kama unga. Niliibandua nikarudisha chokaa na mchanga, moja kwa tatu, na ukuta ulichukua miezi kukauka. Hiyo ni habari nyingine.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka naziba tundu la juu kwa utepe, natia nusu kilo ya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ile inayobadilika rangi, na udi unashuka taratibu hadi 50. Silika ikichoka inarudishwa kwenye oveni digrii 120, saa mbili tatu, inakuwa mpya.

Makaratasi ni yale yale: viza ya Schengen, ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, euro 90, bima isiyopungua euro 30,000, alama za vidole Nairobi, siku 90 ndani ya kila 180. Omba mapema, wanapokea kuanzia miezi 6 kabla. La wanamuziki ni jingine. Mzee wangu alinipa risha ya kupigia nyuzi, ya gamba la kasa ng'amba, nzuri sana, na nikaiacha kabatini Lamu. Ng'amba yumo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na forodhani hawana masihara naye. Pembe za ndovu zilizotiwa kama nakshi kwenye ala za zamani, vilevile. Vigingi vyangu ni vya mpingo, na huo, ukiwa kwenye ala iliyokamilika, umesamehewa tangu Novemba 2019. Risha ninayosafiri nayo ni kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, cha upana wa milimita 7, kilichopigwa msasa ncha. Mfuko mmoja wa duka la vifaa vya umeme utakupa risha za miaka kumi, na sauti yake, samahani mzee wangu, si mbaya.

Kufunga udi: legeza kila uzi sauti moja nzima, usizifungue zote. Kinachovunjika safarini ni kichwa, kwa sababu kimekunjwa kurudi nyuma. Kesi ikidondoka, kichwa kinapiga kwanza. Kitegemeze chini ya shingo kwa kikoi kilichokunjwa, kichwa chenyewe kining'inie bila kugusa kitu. Kivuko cha kwenda kisiwa cha Manda, uliko uwanja wa ndege, Julai, kusi likiwa limechachamaa, kitakurushia maji ya chumvi, kwa hiyo kesi nzima naivika mfuko mkubwa wa nailoni na kuuvua nikishafika uwanjani. Ndani ya kesi, upande wa shingo, naweka kisanduku cha sabuni cha plastiki kilichotobolewa kwa msumari wa moto, na sifongo iliyokamuliwa mpaka haidondoshi. Hiyo ndiyo mvua ndogo ya ndani ya ndege.

Ukifika usifungue kesi. Najua unataka kuona. Iache mpaka asubuhi.

Vigingi vikianza kuteleza kwa ukavu, paka chaki pale vinapoingia kichwani, na vikinata, sabuni kavu ya mche. Wenye subira huchanganya zote mbili.

Hamburg si tatizo, hewa yake ni ya kistaarabu. Tatizo lake ni jua, ambalo mwanzoni mwa Julai linazama karibu saa nne usiku. Unapanda jukwaani saa mbili na jua limekuelekea usoni, na kesi nyeusi iliyoachwa pembeni inakuwa tanuri. Omba kivuli, funika kwa shuka jeupe. Arles, kusini mwa Ufaransa, ndiko nilikopata funzo. Kuna upepo wao uitwao mistral, unaoshuka bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, mkavu kabisa. Asubuhi kipimo kilisema 58, baada ya adhuhuri 31. Nikaongeza sifongo ya pili, nikaingia na kesi bafuni, nikafungulia maji ya moto ya mvua dakika kumi, nikafunga bomba, nikauacha udi humo ndani ya kesi iliyofunguliwa kidogo mpaka wakati wa kupiga. Mwenye nyumba alibisha hodi kuuliza kama ninaumwa.

Kurudi nyumbani ni kinyume chake. Udi unaingia kwenye friji kwanza, balbu ikiwaka, na kila siku tatu nashusha thamostati digrii moja mpaka ulingane na chumba. Viangazi vitatu sasa, ufa ule wa zamani nilioubandikia vipande vya msonobari kwa ndani haujasogea.

Kinachonisumbua siku hizi ni rafu ya chini. Mama amegundua kwamba bisikuti hazilegei humo, wala karanga, na juzi nimekuta ng'onda wawili, samaki wa kukaushwa, wamefungwa kwenye gazeti, pembeni ya silika. "Mwanangu," akaniambia, "si umesema mwenyewe kitu chakauka vizuri?"