Hii boti si ya huku

Miezi minne nimehangaika na boti ya mbao niliyoinunua Mtwapa kwa bei ya kutupa. Haina jina wala karatasi. Kila fundi na yake: mmoja asema Lamu, mwingine Unguja.

Leo nakwangua rangi ubavuni, nimefika tabaka la nne, buluu.

Hamna kichwa cha msumari hata kimoja!

Kuna vizibo vya mbao tu, ukubwa wa kifungo cha shati, vimejipanga safu. Nikachokoa kimoja. Ndani skrubu ya shaba, kijani juu, nikaikwaruza ikang'aa.

Mzee fundi akaipapasa, kimya. Kisha: "Hii si kazi yetu, mwanangu. Sisi twapiga misumari."

Chini ya kifuniko cha injini tukakuta tarakimu zimegongwa kwenye mbao. Ikiwa ni Chris-Craft, boti za kampuni ya Marekani, jumba la makumbusho la Mariners' Museum kule Virginia, Marekani, wana kadi za kumbukumbu za boti hizo. Lakini tarakimu mbili za katikati zimeoza 😩

Adhana ya magharibi imenikuta bado nazipapasa kama kipofu.

Wajuzi wa boti za zamani, mwaonaje?
Na skrubu za shaba nitapata wapi Mombasa? Za chuma msiniambie, kutu hiyo naijua.