Buibui wa Chini ya Mawe, Amani

Tulipotoka Muheza kwenda Amani, lami ilituaga mapema. Basi lilijaa madumu, magunia na abiria wa kusimama, likapanda kona kwa kona hadi lango la Sigi, tukalipa kiingilio cha hifadhi. Wageni wengi huja kwa ajili ya ndege na vinyonga wa Usambara. Kijana aliyetuongoza aliposikia nimefuata buibui, alicheka.

"Dada, huko Tanga mjini umewakosa?"

"Hawa hawatandi utando, kaka. Wanawinda kwa miguu, usiku."

Karibu na bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, aliinua jiwe taratibu. Mdudu mweusi anayeng'aa, hajafika urefu wa punje ya mchele, akatimua mbio. Tukamfunika kwa kikombe cha plastiki, nikatoa lenzi.

Macho manane, safu mbili. Mawili ya katikati, safu ya nyuma, si mviringo kama mengine. Yamebapa, yana weupe wa fedha. Kwa ndugu yake wa Ulaya, Drassodes cupreus, watafiti walieleza mwaka 1999 kuwa macho hayo ni dira: husoma mwanga wa anga jua linapozama, naye akarudi nyumbani bila kupotea.

Lakini buibui huyu mtazame nyuma. Mwishoni mwa tumbo vimechomoza vijirija viwili vya kutolea uzi, vinene, vimeachana waziwazi. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wa Gnaphosidae, wenye spishi zaidi ya 2,000. Uzi wake unanata. Humzungushia windo miguuni mpaka lishindwe kujitetea.

"Kumbe anafunga kamba!"

"Hata buibui wenzake anawafunga."

Kijana akataka jina kamili. Weusi wa namna hii wengi ni wa jenasi Zelotes, kundi la spishi zinazokaribiana ambalo mtafiti wa buibui Moira FitzPatrick alilichambua kwa Afrika mwaka 2007, ila rangi haitoshi hata kidogo. Spishi hutambuliwa kwa hadubini, kwa umbo la vipapasio vya dume na sehemu za uzazi za jike. Anayekutajia jina kwa picha ya simu, mwitikie tu kwa heshima.

Kuchukua mdudu hifadhini ni kwa kibali, kwa hiyo tulimwachia palepale na jiwe tukalirudisha. Mbele kidogo kijana akainua jingine bila kuambiwa. Lilikuwa na tandu, tukaruka wote wawili.