Siku moja maishani mwangu: onyesho la jioni na piano iliyokauka

Saa 11 alfajiri
Cha kwanza naangalia ncha za vidole. Oktoba ya Dodoma haina huruma na ngozi, na kidole kikipasuka pembeni ya ukucha, basi kila noti inauma. Mafuta ya nazi napaka usiku tu. Ukipaka asubuhi, mkono unateleza kama uko kwenye sabuni.

Nimepanga Chang'ombe, ukuta mmoja na majirani, kwa hiyo nyumbani napigia kinanda cha umeme na hedifoni. Wao husikia vibonyezo vikigonga tu, tak tak tak. Leo usiku napiga sonata ya mwisho (muziki mrefu wa piano wenye sehemu kadhaa) ya mtunzi Franz Schubert, aliyoimaliza Septemba 1828, miezi miwili kabla hajafa akiwa na miaka 31. Sonata nzima inachukua kama dakika 40. Asubuhi siigusi yote. Narudia sehemu moja tu: wimbo unaanza taratibu kama watu wanaoimba kwa sauti ya chini, unatua, halafu mkono wa kushoto unashuka kule chini kabisa na kutetema, kimyakimya. Kisha kimya. Ni sekunde chache tu, nami nina mwaka mzima nazitafuta. Bibi yangu, aliyekulia Mvumi, alipozisikia mara ya kwanza alisema, "Mjukuu wangu, hiyo ni muheme ya kitongoji cha pili." Tangu siku hiyo nazipiga hivyo, kama ngoma za kina mama zinazoletwa na upepo usiku.

Saa 2 asubuhi
Uji, kisha boda. Begi langu lina spana ya kukazia nyuzi, kabari za mpira, utepe wa sufu na uma wa sauti. Kijana wa boda analipima kwa macho. "Dada, wewe fundi bomba?"
"Fundi piano."
"Kumbe nayo inaharibika?"

Saa 3 hadi saa 6 na nusu
Inaharibika, kaka. Ukumbi ni wa kanisa moja, piano ni ya kusimama, ya zamani. Nyuzi zake zinakaribia 230, kwa sababu vibonyezo vingi kati ya vile 88 vina nyuzi tatu tatu. Nyuma yake kuna ubao mpana uliojikunja kidogo kama mgongo wa kobe. Hewa ikikauka ubao unanywea, mgongo unashuka, nyuzi zinalegea na sauti inashuka pamoja nazo. Mbaya zaidi, hazishuki kwa kiasi kimoja: za katikati huwa zinashuka zaidi ya za pembeni. Huku kwetu mvua ikikata mwezi wa nne ni mpaka Desemba, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Mlinzi ananifungulia. "Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu. Maji nimeweka." Ni chupa mbili zilizo wazi, tumezificha ndani ya piano, chini karibu na pedeli, ili hewa ya humo ipate unyevu. Ni dawa ya kienyeji, lakini inasaidia.

Nazima feni na kufunga madirisha, joto linipate. Napiga uma, unatoa noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, kisha naziba nyuzi mbili kwa kabari na kuikaza ya tatu. Naifungulia mwenzake. Zikikaribiana bila kufanana utasikia mawimbi, wau-wau-wau. Unavuta spana kidogo, pungufu ya upana wa kucha: wauuu... wauuuu... halafu mawimbi yanaisha na nyuzi mbili zinakuwa moja. Nirudie hivyo piano nzima.

Watu wanadhani kazi ya mpiga piano ni vidole. Mpiga zeze anatoka kwake na zeze lake kwapani. Sisi tunaikuta piano ya watu kama mgeni anavyokikuta kitanda cha wenyeji. Mpiga piano maarufu Vladimir Horowitz alikuwa anasafirishiwa piano yake mwenyewe, Steinway, hata alipokwenda kupiga Moscow mwaka 1986. Mimi nasafiri na spana.

F ya juu ya C ya katikati imenishinda. Pini ya uzi mmoja haishiki, ubao ulioibana umepanuka tundu. Nachomoa pini, nazungushia kipande cha msasa, narudisha. Inashika, shingo upande.

Saa 7 mchana
Ugali wa uwele na mlenda kwa mama ntilie. Nusu sahani tu.

Saa 9
Wanafunzi wawili, Area C. Kodi ya nyumba inatoka hapa na kwenye harusi. Maonyesho hayalishi. Kuna ukumbi uliniahidi malipo "wiki ijayo", na hiyo wiki ijayo ina miaka miwili sasa.

Saa 1 na nusu usiku
Watu kama sitini, watoto mbele. Naanza. Ngoma ya Bibi inakuja, nautuliza mkono, na katika kile kimya bajaji inapita nje na singeli yake. Sijui nicheke au nilie. Nasubiri ipite, kisha naendelea.

Sehemu ya kwanza ilipoisha, vigelegele. Wengine wakawanyamazisha wenzao, ati muziki huu haupigiwi makofi katikati. Nani kasema? Mwaka 1813, Beethoven alipotoa simfonia yake ya saba kule Vienna, watu walishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa. Nikainamisha kichwa, nikashukuru.

Saa 4 usiku
Ukumbi mtupu. Nabonyeza ile F peke yake. Wau... wau... Imeshuka tena. Naandika kwenye daftari: F, pini nene, agiza. Babu anakuja na kopo, anapiga magoti taratibu na kumimina maji kwenye chupa.